Watatu kwa Mmoja

Niliwahi kuwatoa mabinti watatu ili nipate mchezaji mmoja. Nalisema kwa mkato hivyo kwa sababu kila nikilieleza kwa urefu najikuta nimeanza kujitetea, na katika jambo hili sina utetezi.

Nilikuwa kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu pale Kigoma mjini. Kazi yangu ya kila siku ni ualimu wa sekondari, nafundisha jiografia. Ukocha niliufanya jioni, kwa kupenda tu, kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa ambao mvua ikinyesha kona yake moja inageuka dimbwi. Wachezaji wangu wakubwa walikuwa watano: muuguzi, ambaye ndiye nahodha, askari, wauza duka wawili, na mama mmoja aliyekuwa na meza ya mawese sokoni Mwanga. Wengine watano walikuwa mabinti niliowafundisha mwenyewe kushika mpira tangu kidato cha kwanza. Walikuwa wamemaliza shule, kila mmoja akitafuta maisha kivyake, lakini saa kumi na moja jioni walikuwa uwanjani.

Ligi yetu ya mkoa ilikuwa ndogo, ila bingwa wake alipelekwa Tabora kwenye mashindano ya kanda. Miaka mitatu mfululizo tulifika fainali, na mara zote tatu tulifungwa na timu ya Ujiji. Nikisema timu ya Ujiji nasema vibaya. Tulifungwa na mtu mmoja. Alikuwa dada wa miaka ishirini na saba hivi, wa zile familia ambazo babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo na kubaki, muuza vitenge, mrefu, mwenye mikono mipana. Akipewa mpira popote karibu na kikapu, unaanza kuandika pointi kabla hajarusha. Mwaka wa tatu alitufunga zaidi ya nusu ya pointi zote za timu yake. Jumatatu yake nilipoingia chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alinikaribisha kwa jina la Mama Nafasi ya Pili. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Niliporudi nyumbani sikupika.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilijiambia kwamba nisipokwenda Tabora sasa, siendi tena.

Kocha wa Ujiji alikuwa mzee wa makamo, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Siku moja alinipigia simu akaniambia nipite kwenye karakana yake. Nilimkuta ameinama juu ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia unamtaka mfungaji wangu."

"Nani hamtaki?"

"Basi mchukue. Nipe watatu katika wale watoto wako."

Nilidhani ananitania. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kunieleza. Timu yake imezeeka. Ana wachezaji wawili wanaofunga magoti bandeji kabla ya kila mchezo.

"Yule anafunga, sikatai," alisema. "Lakini mpira ukimfikia, wenzake wanne wanasimama kama wanaangalia televisheni. Miaka mitatu nimechukua kombe na sina timu. Akiugua malaria wiki ya fainali, nimekwisha. Wewe unataka kombe, mimi nataka timu. Kila mtu achukue anachokitaka."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Nimemuuliza. Biashara yake ameihamishia mjini, uwanja wenu uko karibu naye. Amekubali. Na wewe kawaulize wako. Sitaki mtoto aje kwangu amenuna. Aje anayetaka."

"Nitawauliza, Mzee."

Nilimjibu hivyo nikimtazama usoni.

Jumapili ile nahodha alikuja nyumbani akitokea kanisani, bado amevaa kitenge chake cha kwaya. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Tuko kumi. Wakitoka watatu tunabaki saba, akija yeye tunakuwa nane. Mimi nikiwa zamu, saba. Askari akiitwa kazini, sita. Mchezo wenyewe unataka watano uwanjani. Madam, hapo tunabaki na benchi la mtu mmoja."

"Tutakuwa na mfungaji."

"Mwaka huu tutakuwa naye. Yule ni mfanyabiashara, leo yuko hapa, kesho utasikia yuko Uvira. Hawa watoto ndio tutakaocheza nao mwaka kesho na kesho kutwa."

"Mwaka kesho ni mwaka kesho," nikasema.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minane na siku zote aliniheshimu, hata pale ambapo sikustahili. "Kama umeshaamua, sawa," alisema. "Ila uwaambie vizuri. Hawa ni watoto wa watu."

Mpaka hapo sikuwa nimekosea kitu. Kumtoa mchezaji umpate mwingine ni jambo la mchezo, na hata leo mtu akiniuliza kama timu itoe vijana wa benchi ipate mfungaji mkubwa, namwambia inategemea unataka nini na kwa muda gani. Mzee wa Ujiji alikuwa na hoja, nahodha alikuwa na hoja, na mimi nilikuwa na yangu. Aibu inaanza pale nilipokaa mezani na karatasi kuchagua ni nani waende.

Wawili ilikuwa rahisi. Mmoja alikuwa binti wa Ujiji, ndiko kwao, na kila siku alilalamikia umbali. Wa pili alikuwa binti wa Mwandiga, mwepesi, mbishi, lakini mfupi, na mbele yake nilikuwa na wawili wanaocheza nafasi hiyohiyo.

Wa tatu alikuwa binti wa Mwamgongo.

Huyu alikuwa amekuja mjini kusoma, akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Gungu. Wazazi wake walikuwa watu wa dagaa huko kaskazini, ng'ambo ya Gombe, ambako hufiki ila kwa boti. Alikuwa binti mpole, mwenye Kiswahili chenye Kiha kingi ndani yake, na alikuwa mtoaji pasi bora kuliko wote niliokuwa nao, wakubwa na wadogo. Kwa uwezo peke yake, hakuwa mtu wa kutolewa.

Lakini mimi nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Alipokuwa kidato cha pili, kuna kipindi mipira ikimjia kutoka kushoto ilimpiga begani au ikampita. Nilimkaripia mara mbili, tatu. Siku moja alibaki nyuma wenzake walipoondoka na kuniambia, akiangalia viatu vyake, kwamba jicho lake la kushoto haoni vizuri. Utotoni kipande cha kuni kiliruka mama yake alipokuwa akipasua, kikamchoma. Anaona mwanga na kivuli, basi.

"Usimwambie mtu, madam. Wakijua watanichezea huko."

"Simwambii mtu," nilimwambia.

Sikumwambia mtu kweli. Nilimfundisha kugeuza shingo, kutazama kabla mpira haujafika, na akawa hodari kiasi kwamba mwenyewe nilisahau. Nilikumbuka siku ile ya karatasi. Nilijisemea kwamba binti wa jicho moja ana mwisho wake. Atafika mahali atakwama, na ni afadhali akwame kwa wenzetu. Nikaandika jina lake la tatu.

Kwa taratibu zetu mchezaji huhama kwa fomu, anasaini yeye na makocha wote wawili. Niliwaita mabinti wale watatu shuleni kwangu mchana, kwenye maktaba ambayo haikuwa na mtu. Sikuwauliza kama wanataka. Niliwaambia wanakwenda Ujiji kwa mkopo, msimu mmoja tu, wakapate kucheza zaidi, maana kwetu wanakaa sana benchi. Niliwaambia mzee amewaomba kwa majina. Nilizipanga fomu mezani, kidole changu kikiwa juu ya mstari wa saini.

Hakukuwa na mkopo. Fomu zilikuwa za kuhama moja kwa moja, na aliyeisoma angeona. Binti wa Ujiji alisaini akitabasamu. Wa Mwandiga alisaini akiwa ameuma mdomo. Wa Mwamgongo aliichukua kalamu, akaishika bila kuandika.

"Madam, tutarudi?"

"Mtarudi."

Akasaini. Wala hakuisoma, maana nilikuwa mwalimu wake.

Mfungaji alikuja wiki ile ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye kiburi, kwa sababu kwa miaka mitatu nilikuwa nimemchukia kutoka upande wa pili wa uwanja. Nikakuta mtu mwingine. Aliwahi mazoezini kuliko wote. Alimwamkia mama wa mawese, akamsaidia nahodha kufagia maji kwenye ile kona. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wale mabinti waliokwenda kwetu, wamekwenda kwa furaha?"

"Wamefurahi sana," nilimjibu.

Msimu ule tulishinda karibu kila mchezo. Siwezi kudanganya kwamba ulikuwa msimu mbaya. Ulikuwa mtamu. Watu walianza kuja kutuangalia, wanafunzi wangu wakapanga viti, na chumba cha walimu kikapoteza utani wake. Aliyoyasema mzee juu ya kusimama na kutazama niliyaona kwa macho yangu. Askari, ambaye zamani alikuwa akipigania kila mpira, sasa alimtupia mfungaji na kurudi nyuma taratibu. Mabinti wangu wawili waliobaki waliacha kabisa kurusha. Niliona, nikafumba macho, kwa sababu ubao wa pointi ulikuwa upande wetu.

Habari za watatu wale nilizipata kwa vipande. Binti wa Ujiji alikuwa anacheza na ana raha. Wa Mwandiga aliacha baada ya mwezi mmoja. Umbali ulimshinda, na nilipomuuliza shangazi wa rafiki yake niliambiwa ameanza kuuza mihogo na kaka yake barabarani, pale wanaposhuka watu wa Kidahwe na Kasulu. Wa Mwamgongo alikuwa anaanza katika kila mchezo. Aliwahi kunitumia ujumbe: "Madam, huku mzee anasema fomu si ya mkopo. Amekosea?" Nilimjibu baada ya siku mbili kwamba tutaongea msimu ukiisha. Yeye akajibu, "Sawa, madam."

Fainali ikawa sisi na Ujiji, kama kawaida. Ilichezwa Jumamosi saa kumi, jua bado kali, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Mzee alikuwa amekifanya kile alichokisema: alikuwa amepata timu. Hawakuwa na nyota, ila watano wote walikuwa wanakimbia, na katikati yao binti wa Mwamgongo alikuwa akigawa mpira kama mtu anayegawa chakula kwa watoto wake, kila mmoja kwa saa yake. Mpaka mapumziko walikuwa wametuacha kwa pointi tisa. Nahodha alikuwa anahema, askari ana faulo nne, na nilipogeuka kutazama benchi langu nikaona mama wa mawese, wasichana wawili na begi la maji.

Nilimwita mfungaji pembeni.

"Yule anayewaongoza," nilimwambia. "Mwache anayekulinda, nenda ukapambane naye mwenyewe. Ukipata mpira mpite kulia kwako, yaani kushoto kwake. Kila mara, usibadilishe."

"Kwa nini huko?"

"Nimemfundisha mimi. Namjua."

Alitii. Robo ya tatu ilipoanza alimfuata, akapewa mpira, akampita kushoto kwake. Binti aligeuka amechelewa, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Pointi mbili. Safari ya pili vilevile. Ya tatu, binti alijaribu kugeuza shingo mapema kama nilivyomfundisha, na kwa kugeuza vile akaacha wazi upande wa pili, na pasi ikapita hapo. Mara ya tano alianguka. Watu wa ukutani walianza kucheka. Kuna kijana mmoja akapaza sauti kwamba huyo mlinzi analala, aletewe mto, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Binti aliinuka, akapangusa magoti, akatazama kwenye benchi letu. Hakumtazama mfungaji. Alinitazama mimi.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Tulipata pointi kumi na nne kwa njia ile. Mwanzoni mwa robo ya nne, mpira ukiwa umetoka nje, mfungaji alikuja mpaka mbele yangu. Alikuwa anatiririka jasho na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yule mtoto haoni upande ule."

"Nenda kacheze."

"Madam, ulijua?"

"Nimesema kacheze."

Alirudi uwanjani. Kuanzia hapo hakumpita tena kushoto. Alikwenda upande mgumu, upande wa jicho zima, akazuiwa mara mbili, ya tatu akafunga. Kisha akaanza kutoa pasi, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi, na mmoja wa mabinti wangu wawili alirusha mpira kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, ukaingia. Tulishinda kwa pointi nne. Nimezipigia hesabu dakika zile mara nyingi. Huenda tungeshinda hata bila ule ushauri wangu, huenda tusingeshinda. Sijui, na sidhani kama ningejua ningejisikia nafuu.

Timu zilipopeana mikono, binti wa Mwamgongo alifika kwangu, akapiga goti kidogo kama anavyowasalimu wakubwa, akasema, "Shikamoo, madam. Hongera."

"Marahaba," nikasema.

Mfungaji alikataa kushika kombe kwenye picha. Alikuwa amesimama upande wa Ujiji, amemshika yule binti bega, wanaongea. Baadaye nahodha aliniuliza kumetokea nini. Nikamwambia ni uchovu.

Tabora tulikwenda sita tu waliopata ruhusa, kwa treni, na kombe kwenye mfuko wa sandarusi. Tulicheza michezo mitatu, tukafungwa yote. Mfungaji alicheza kwa heshima, akafunga pointi zake, lakini alikuwa hasemi nami ila kwa lazima. Mchezo wa pili alitolewa kwa faulo tano, tukamaliza na wanne waliochoka na mmoja aliyeteguka kifundo, kwa sababu sikuwa na wa kumwingiza. Nahodha hakunikumbusha vidole vyake. Msimu ulipokwisha mfungaji aliaga kwa adabu. Alikuwa anafungua duka ng'ambo, Kalemie. Alinipa mkono na kuniambia, "Kamuone yule mtoto, madam. Mimi nimeshamwomba radhi, na sikuwa najua."

Ilinichukua miezi minne. Kila wiki nilikuwa na sababu: mitihani, mvua, ziwa limechafuka. Mwishowe, likizo ya Desemba, nilipanda boti Kibirizi pamoja na magunia ya unga na kuku waliofungwa miguu, nikashuka Mwamgongo mchana. Binti alikuwa amerudi kwao kwa muda kuwasaidia wazazi. Nilimkuta ufukweni na mama yake wakigeuza dagaa juu ya mchanga.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Sikupata nafasi ya kuyasema. Mama yake aliposikia mimi ni nani alipiga makofi taratibu, akaniinamia, akaniamkia kwa Kiha na kwa Kiswahili, ingawa alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Aliwaita majirani. Akawaambia huyu ndiye mwalimu aliyemlea binti yake mjini, aliyemfundisha mchezo, aliyemfanyia mpango akapata timu ya Ujiji. Nyumbani kwao nilitandikiwa mkeka mpya. Nililetewa ugali wa muhogo na samaki wa ziwa, migebuka ya mawese, vipande vya katikati, na mama mwenyewe alikaa pembeni kunitazama nikila.

"Mungu akulipe, mwalimu," alisema. "Huyu mtoto nilimuumiza mwenyewe, kwa mkono wangu, na shoka langu. Nilidhani hatakuwa mtu. Wewe umemfanya mtu."

Binti alikuwa amekaa karibu na mlango, anapepeta mchele, na hakuinua kichwa. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema. Nilimeza samaki yule kama mtu anayemeza vidonge. Nilipomaliza nilishukuru, nikasifu chakula, nikapewa na dagaa wa kwenda nao kwenye kikapu kilichofunikwa jani la mgomba.

Alinisindikiza mpaka kwenye boti, amebeba kikapu kile. Watu walikuwa bado wanapakia. Nilimwambia hapo, haraka haraka, kwamba nilidanganya kuhusu mkopo, kwamba nilimtajia mfungaji upande wake, na kwamba naomba radhi.

"Nilijua," alisema. "Nilipoanguka ile mara nilijua."

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Angejilaumu yeye na shoka lake."

Alikihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha akauliza, bila ukali, kama mwanafunzi anayetaka kuelewa somo: "Madam, ulinitoa kwa sababu ya jicho?"

Ziwa lilikuwa limetulia. Nahodha wa boti alikuwa anatuangalia, akitaka boti iondoke. Nilikuwa nimesafiri masaa kadhaa nije kusema kweli, nimeshasema sehemu yake, na iliyobaki ilikuwa neno moja.

"Hapana," nikasema. "Si kwa sababu ya jicho."

"Sawa, madam," akasema, na akanipa kikapu.

Msimu uliofuata tulishuka mpaka nafasi ya nne. Nilikuwa na wachezaji sita wa uhakika. Siku tuliyokutana na Ujiji nilimwona binti yule ameanza, na nikaona kitu cha ajabu: hakuna aliyempita. Nilitazama robo nzima kabla sijaelewa. Mzee alikuwa amemhamisha nafasi. Sasa alicheza ubavuni, mstari wa pembeni ukiwa kushoto kwake muda wote, wa kushambulia na wa kuzuia. Upande ule hakukuwa na mtu wa kumjia, kulikuwa na mstari tu. Uwanja wote ulikuwa kwenye jicho lake zima.

Baada ya mchezo nilikwenda kumpongeza mzee. Alikuwa anakusanya mipira.

"Aliniambia mwenyewe baada ya ile fainali," alisema. "Nikafikiri jioni moja, nikamsogeza. Lilikuwa jambo dogo." Akanitazama. "Wewe ulikaa naye miaka mingapi?"

"Mitano, Mzee."

Aliendelea kukusanya mipira yake.

Ukocha niliuacha mwaka ule. Nilimwachia nahodha, ambaye amewaanzisha watoto wapya kutoka shule mbili na ameshafungwa sana, na hajamtoa hata mmoja bila kukaa naye na mzazi wake. Mimi naandika pointi mezani wakiniita. Kazi hiyo inanifaa, mtu anaandika kinachotokea na hasemi neno.

Mwaka jana, baada ya mchezo mmoja, binti wa Mwamgongo alikuja mezani kuuliza faulo zake. Sasa ni nahodha wa Ujiji, na asubuhi anafanya kazi kwenye duka la vipuri vya boti. Watu walikuwa wameondoka. Nilimwambia swali aliloniuliza kule kwao nililijibu vibaya. Nilimwambia jibu lilikuwa ndiyo.

Alikunja karatasi ya pointi mara mbili, akaikunjua tena akanirudishia.

"Najua, madam," alisema. "Ulichelewa sana kujibu siku ile."

"Nisamehe."

"Nitajaribu," alisema, akachukua chupa yake ya maji na kuwafuata wenzake, waliokuwa wanamsubiri getini.

Nilibaki kumalizia kuandika. Nilichanganya namba, ikabidi nirudie safu nzima ya robo ya nne.